Uchambuzi wa kisa: Binti aliyepata chuo sahihi akakosea pa kulala

Kwa nini nakieleza hiki

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku kanda ya kati, na wanafunzi wa kidato cha sita nimekaa nao miaka ya kutosha. Kila mwaka NECTA, Baraza la Mitihani, wakishatoa matokeo simu yangu haitulii, wazazi na watoto wote swali ni lilelile, madam tuchague chuo gani. Nimeamua nieleze kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho kwa sababu hiki nilikuwemo ndani, nilishauri mwenyewe, na kuna sehemu nilishauri vibaya mtoto wa watu akaumia. Jina lake sitaji, wala wilaya, wala vyuo vyenyewe, na hela nimezizungusha kidogo ili asijulikane. Yeye mwenyewe kakisoma kabla, kuna mambo mawili kaniomba niyatoe nimeyatoa, yaliyobaki kasema acha yakae huenda yakamsaidia mtu.

Familia na matokeo

Binti ni wa kati katika watoto watatu. Baba yao alifariki yeye akiwa shule ya msingi, mama analima alizeti na uwele na ana mbuzi wachache. Kaka yake mkubwa yuko Dodoma mjini anaendesha bodaboda ya mkataba, yani pikipiki si yake bado, anapeleka hela kila wiki mpaka amalize ndo iwe yake. Mdogo wao wa kiume wakati huo alikuwa kidato cha pili.

Alisoma EGM. Jiografia akapata B, uchumi C, hesabu E. Daraja la pili, pointi 10. Kwa shule yetu hayo ni matokeo mazuri tu, na mama yake alikuja na kuku kunishukuru, nikamwambia mama yangu huyu kuku rudi naye ukamuuze, safari ndo kwanza inaanza.

Pointi zilizowachanganya

Hapa lazima nikae kidogo maana kila mwaka watu wanajikwaa. NECTA wanahesabu pointi ndogo ndo nzuri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, unajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Kwa hiyo binti ana 2 na 3 na 5, jumla 10, na daraja la pili linaanzia 10 mpaka 12. TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, wao kwenye udahili wanageuza, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kigezo cha chini cha digrii nyingi ni masomo mawili yafikishe 4. Kwa hesabu hiyo masomo yake mawili bora yanampa 7.

Sasa baba yake mdogo, aliyeko Dar, akasoma kwenye gaidibuku, kile kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, kwamba wanataka 4, akaangalia cheti kinasema 10, akapiga simu kwa furaha kabisa, "Huyu anaingia popote, wanataka nne yeye ana kumi!" Nia yake njema. Lakini alikuwa anachanganya mizani mbili tofauti, na kwa sababu hiyo aliwajazia kozi ambazo zinataka ufaulu mzuri wa hesabu, na E ya hesabu haiwezi kushindana huko. Nafasi mbili za maombi zikapotea bure na hela ya maombi ikaenda nayo.

Kingine kilichotokea wakati wa kuaplai, na hiki kilikuja kutuuma baadaye: kwa kuwa mama hana simu janja, namba ya simu iliyojazwa kwenye maombi ilikuwa ya baba mdogo.

Vyuo viwili mezani

Awamu ya kwanza ilipotoka binti alichaguliwa sehemu mbili. Chuo cha kwanza kipo Dar, kozi ya uhasibu. Cha pili kipo hapahapa Dodoma, kozi ya uchumi, miaka mitatu. TCU wanataka aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa kutumia namba maalumu inayoingia kwenye simu yake. Usipothibitisha unajiweka pabaya.

Baba mdogo alitaka Dar. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi: kwangu atakaa bure, atakula bure, Dar ndo kuna kazi, na uhasibu kila ofisi inauhitaji. Ukoo mzima ukaafiki. Binti mwenyewe alikuwa anapenda uchumi, ila mtoto wa kike wa miaka 19 mbele ya baba mdogo na wazee atasema nini, alikaa kimya anachora chini na kidole cha mguu.

Mama akaja kwangu. Nikachukua karatasi nikamwambia tusiangalie kwanza jina la chuo, tupige hesabu ya siku moja. Baba mdogo anakaa Chanika. Chuo kiko karibu na katikati ya jiji. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, aondoke saa kumi na moja alfajiri, arudi usiku, na nyumba ina watoto wadogo wanne ambao lazima atawapikia, maana hatuwezi kudanganyana, binti wa ukoo akija kukaa kwako humwachi amekaa na daftari wakati mama mdogo wake anahangaika jikoni. Halafu ada ya Dar ilikuwa juu karibu nusu zaidi ya ile ya Dodoma. Nikamwambia pia aongee na mtu anayesoma kozi hiyo sasa hivi, asisikilize anayekisifia chuo kutoka nje. Tukampata kijana mmoja aliyesoma shuleni kwetu, yuko mwaka wa pili uchumi Dodoma, akaongea na binti dakika arobaini kwa simu yangu. Alimwambia na mabaya, kwamba mwaka wa kwanza kuna hesabu nzito na takwimu, watu wanashika sapu, yani wanafeli wanarudia mtihani. Hilo la hesabu tulilisikia sote, tukalichukulia juujuu.

Nikaongeza na langu. Serikali ilishahamia Dodoma, wizara ziko Mtumba, kwa hiyo siku ya kutafuta fildi (mafunzo kwa vitendo) au ya kujitolea mtu aliyeko hapa anatembea kwa daladala hadi mlangoni. Hoja ya kwamba kazi ziko Dar ilikuwa kweli zaidi zamani, kwa kozi ya uchumi hapa napo pana mlango mkubwa.

Uamuzi ukawa Dodoma. Shida ikabaki moja, namba ya kuthibitisha iko kwenye simu ya mtu ambaye hataki Dodoma. Siku mbili zikapita simu haipokelewi. Siku ya tatu mama akapiga kwa simu yangu, akaongea kwa upole mpaka mimi nikatoka nje nisimwone. "Shemeji, huyu ni damu ya marehemu kaka yako. Nakuheshimu kama nilivyomheshimu yeye. Nitumie hizo namba mtoto athibitishe, lawama zikija nitazibeba mimi." Baada ya nusu saa meseji iliingia, na chini yake ameandika "msalimie, mwambie asome".

Cheti cha kifo

Maombi ya mkopo yalishatumwa Bodi ya Mikopo kabla ya haya yote, elfu thelathini ya ada ya maombi ikalipwa, fomu zikasainiwa kwa mtendaji na kwa hakimu. Lakini sehemu ya baba ilienda tupu. Mzee alifia nyumbani, akazikwa kijijini, hakuna aliyewahi kwenda kumsajili, kwa hiyo kwa karatasi huyu binti hakuwa yatima, alikuwa tu mtoto ambaye taarifa zake hazijakamilika. Bodi wanahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, maneno ya kijiji kizima kwamba marehemu tulimzika sisi hayatoshi.

Mgao ulipotoka alipata hela ya chakula na malazi, ada akapewa sehemu ndogo sana. Chuo kinafungua, usajili unataka ada ilipwe angalau sehemu. Na hapa kuna jambo la wakulima wa kwetu ambalo siku hizi nalisema kila kikao cha wazazi: alizeti tunavuna na kuuza katikati ya mwaka, hela inakuwepo mkononi mwezi wa saba wa nane, chuo kinafungua kuanzia mwezi wa kumi hela imeshaisha. Mama alikuwa ameuza magunia yote mapema kulipa madeni ya shamba. Ghala tupu.

Aliyeokoa ni kaka. Alitoa akiba yake ya kumalizia mkataba wa pikipiki, yote, akamlipia mdogo wake usajili. Alimwambia "soma, pikipiki itasubiri". Kwangu mimi hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kisa hiki, na pia, bila mtu kukusudia, ndipo mzigo ulipoanzia.

Mama naye akaanza safari za cheti. Mtendaji wa kijiji, kata, wilayani kwa msajili, rudi kalete barua, rudi kalete mashahidi. Wiki nyingi. Alikipata, kikahakikiwa, rufaa ikatumwa dirisha la rufaa likiwa wazi bado.

Semista ya kwanza

Sasa kosa langu. Dirisha la kuomba hosteli lilifunguka, nikamuuliza kaka mtu, akasema madam hosteli ya nini wakati mimi nipo, chumba changu nitakata pazia katikati, yeye alale upande wa dirishani. Nikasema sawa, mnaokoa hela. Mama akafurahi kwamba binti yuko chini ya macho ya kaka yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyechukua ile karatasi ya hesabu ya siku moja akaipiga tena.

Kaka anakaa Nkuhungu. Chuo kiko upande mwingine kabisa wa mji. Daladala moja mpaka mjini, ya pili mpaka chuoni, na jioni vilevile. Yani kile tulichokikataa Dar ndo tulikijenga upya Dodoma, tofauti ikawa tu hakuna foleni ya Dar.

Kipindi cha saa moja asubuhi anafika kimeshaanza, anakaa nyuma, haoni ubaoni. Maji mtaani ni ya mgao, siku yanatoka anapanga ndoo. Lakini kilichomwangusha zaidi ni jioni. Wenzake wa hosteli wanakula, wanapumzika, kuanzia saa moja usiku wanakutana kwenye makundi, wanafanya maswali, wanabadilishana madesa (notsi na mitihani ya nyuma), yule aliyeelewa anawaelewesha wenzake. Wakati huo yeye yuko kituoni anasubiri gari. Masomo ya chuo nusu yake yanafanyika kwenye hayo makundi na mtu anayelala mbali hayajui kabisa, anadhani wenzake wana akili kumzidi.

Bumu la kwanza likaingia. Posho ya chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku, ilipandishwa 2022 kutoka 8,500, inakuja kwa mkupuo wa miezi miwili hivi, kwa hiyo alishika kama laki sita. Hajawahi kushika hela hiyo maishani. Laki tatu akampa kaka, kaka akakataa akalazimisha. Laki moja akamtumia mama. Simu laki na nusu, maana asaimenti zinatumwa kwenye kundi la darasa na kisimu chake cha batani hakifungui. Kabaki na elfu hamsini ya kula na nauli kwa siku sitini. Ukiangalia hakuna hata shilingi moja ya anasa hapo, ni mtoto mwenye shukrani anayejaribu kurudisha fadhila kwa haraka, na hiyohiyo haraka ikamponza.

Akaanza kukopa kwenye programu za simu. Elfu thelathini, unarudisha arobaini na kitu baada ya wiki moja. Akakopa ya pili kulipa ya kwanza. Mwezi wa kwanza ukaingia, siku moja nipo stafu naona meseji kutoka namba nisiyoijua: mtu fulani ametoroka na deni, wewe ni mdhamini wake, mwambie alipe. Jina ni la binti. Kumbe programu ilishachukua namba zote kwenye simu yake na kuwatumia watu.

Nikampigia. Hakusema kitu kwa muda mrefu, nasikia tu anapumua. Kisha akasema, "Shikamoo madam. Naomba usimwambie mama."

Matokeo ya semista yalipotoka alikuwa na GPA, yani wastani wa alama, 2.3 kati ya 5, sapu mbili, hesabu na takwimu. Zilezile yule kijana wa mwaka wa pili alizotutajia.

Alivyonyanyuka

Jumamosi moja nikashuka Dodoma, tukakaa watatu pale Nyerere Square, mimi, binti na kaka yake. Kaka hakujua habari ya mikopo wala ya sapu, na nilidhani atafoka. Akamuuliza swali moja tu, "Zile laki tatu ulinipa ulikuwa na nini kingine cha kula?" Binti akalia. Kaka akasema hela ya mdogo wake hapokei tena mpaka siku ana mshahara, na hilo likafungwa pale.

Tukapiga hesabu upya. Deni la simu lililipwa lote kwa bumu lililofuata na zile programu zikafutwa. Hela iliyobaki ikakaa benki, akajiwekea kutoa elfu arobaini na tano kila Jumatatu, ya kula na kila kitu, ikiisha Alhamisi anakula alichonacho. Ilimchukua wiki tatu kuzoea.

Kulala ndo ilikuwa ngumu. Nafasi rasmi hosteli katikati ya mwaka hakuna. Msichana mmoja wa darasani kwao alikubali kumbeba, yani walale kitanda kimoja. Taratibu za hosteli haziruhusu na siwezi kumshauri mtu afanye hivyo, ila nasema kilichotokea. Mwaka wa pili aliomba mapema siku dirisha limefunguka akapata nafasi yake halali.

Kuanzia hapo vitu vilibadilika kwa kasi ambayo mimi sikuitegemea. CR wao, yani kiongozi wa darasa, kijana wa Singida, alimuingiza kwenye kundi la watu watano wanaokutana kila usiku. Wiki mbili za mwanzo alikuwa anasikiliza tu. Halafu akagundua kwamba hata yule kinara wao anakwama, tofauti yake ni kwamba akikwama anauliza. Akapata ujasiri wa kwenda kwa mhadhiri wa hesabu ofisini na daftari lake, akiwa ameshaandika mahali hasa anapopotea, na mzee yule, maana ni mtu mzima, alimwelekeza saa nzima akamwambia aje tena wiki ijayo. Akaniambia, "Madam, mlango wake huwa uko wazi, ni sisi tu hatuingii."

Rufaa nayo ikajibiwa, ada ikapanda sana, kwa hiyo mwaka wa pili familia haikuuza kitu. Sapu zote mbili alizipasua.

Fildi

Mwisho wa mwaka wa pili kuna mafunzo kwa vitendo ya wiki nane. Wengi wanaanza kuhangaika mwezi mmoja kabla. Yeye alianza mwezi wa kwanza. Alichukua barua za chuo saba akazipeleka kwa mkono, Mtumba na ofisi nyingine mjini, akiwa na daftari la kuandika tarehe aliyopeleka, masjala gani na nani kaipokea, halafu baada ya wiki tatu anarudi kuulizia kwa adabu. Tano hazikujibiwa kabisa. Moja ikamkataa, moja ikamkubali, taasisi ya umma inayoshughulika na takwimu za kilimo.

Pale alikaa wiki nane anaingiza data, na alijifunza ekseli kweli, ile ya kutengeneza majedwali na kukagua makosa ya takwimu. Somo lililompa sapu ndo likawa kazi yake ya kila siku. Mtumishi mmoja mama alimpenda kwa sababu hakukaa na simu, akawa anampa ripoti azisome na kumuuliza ameona nini. Mwaka wa tatu utafiti wake aliufanya juu ya alizeti za wilayani kwao, bei za kuvuna na bei za miezi ya mwisho wa mwaka, na mama yake alikuwa mmoja wa aliowahoji.

Ilivyoishia

Kamaliza kwa wakati, GPA 3.4. Daraja la pili la chini. La juu linaanzia 3.5.

Hiyo moja ya kumi iliyopungua inatoka semista ya kwanza, hakuna kwingine. Semista zote za baadaye alikuwa juu ya 3.5. Na chuoni kwao ukifanya sapu hata upate alama 80 unaandikiwa C, na C kwenye mizani ya tano ina uzito wa 2. Kwa hiyo zile jioni za kituoni zimeandikwa kwenye cheti chake. Saa hizi anajitolea kwenye taasisi ileile aliyofanyia fildi huku akiomba ajira kila zinapotangazwa. Hajapata bado ya kudumu.

Uchambuzi

Uamuzi wa chuo chenyewe naona ulikuwa sahihi na ningeurudia. Ada ilikuwa ndani ya uwezo, kozi aliipenda, chuo na kozi vina ithibati ya TCU (hilo tuliliangalia dakika tano tu kwenye gaidibuku, na kila mtu aangalie), na faida ya kuwa karibu na ofisi za serikali ilionekana kwa macho kwenye fildi. Kuongea na mtu aliye ndani ya kozi ile ndo ilikuwa hatua bora kuliko zote, tena ya bure. Tulichokosea ni kusikia onyo lake la hesabu halafu tusilifanyie kitu. Binti mwenye E ya hesabu anaenda kusoma uchumi, alikuwa na miezi mitatu nyumbani kabla chuo hakijafungua, ningempa kitabu cha hesabu na mwalimu wa hesabu tunaye hapahapa shuleni. Sasa hivi kila ninayemshauri namwambia atafute orodha ya masomo ya semista ya kwanza ya kozi anayoitaka kabla ya kuthibitisha, siyo baada.

Kilichoshindikana kikubwa ni kwamba tulidhani kuchagua chuo kumeisha siku ya kuthibitisha. Tulichagua jina na kozi na ada, pa kulala tukapaacha pajipange penyewe. Na mimi ndo niliyekuwa na ile karatasi, niliitumia kuipinga Dar nikaiweka mfukoni. Ukiwa na ndugu mjini haina maana umepata malazi. Uliza kwanza, saa mbili usiku wanafunzi wenzangu watakuwa wapi na mimi nitakuwa wapi. Kama familia inaweza kulipa hosteli, mwaka wa kwanza mtoto alale hosteli, hata kama ndugu atanuna, mwaka wa pili akishajenga marafiki na anajua njia za chuo anaweza kuhama. Na aombe siku dirisha linafunguka.

La pili ni namba ya simu. Namba inayojazwa kwenye maombi iwe ya mwombaji mwenyewe, laini imesajiliwa kwa jina lake, hata kama ni ya simu ya batani. Baba mdogo alikuwa mtu mzuri na alilegea. Nimeshuhudia mwingine ambaye mwenye simu alisafiri na dirisha likafungwa.

Kuhusu hela, watu wengi wakisikia kisa hiki wanasema hakujua kutumia bumu. Sikubaliani. Alikuwa anajua sana thamani ya hela, shida ni kwamba aliiona kama mapato wakati ni mkopo, na akaanza kulipa deni la upendo kabla ya kula. Hakuna aliyekaa naye kabla hajaondoka akamwambia kwamba ukiajiriwa Bodi watakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni la mkopo liishe, hivyo kila shilingi unayotuma nyumbani leo umeikopa. Na kaka alipaswa kulisema mapema lile neno alilolisema Nyerere Square. Familia zetu tunatoa kwa moyo halafu tunanyamaza, na mtoto anausoma ule ukimya kama deni. Siku hizi kwenye kikao cha wazazi namwomba kila anayemchangia mtoto atamke mbele yake kama anataka kurudishiwa au la.

La mwisho ni ukimya, wake na wangu. Toka anaingia chuo mpaka ile meseji ya deni sikumpigia hata mara moja, nilijua ameshafika salama basi. Sasa nimeweka kwenye kalenda, kila niliyemsindikiza nampigia wiki ya tatu na wiki ya sita, kabla ya testi za kwanza, na simuulizi masomo yanaendaje kwa sababu wote wanajibu vizuri. Namuuliza jana usiku umesoma na nani. Jibu la hilo linanipa kila kitu.

Kuna jambo moja sijalimaliza kichwani. Kama angeenda Dar na kulala hosteli, pengine angefika palepale au zaidi. Na kama angekaa Dodoma hosteli toka siku ya kwanza, naamini ile 3.5 ilikuwa yake. Tulibishana wiki nzima juu ya mji wakati swali lilikuwa kitanda kiko wapi.

Kaka alimaliza mkataba mwaka mmoja baadaye kuliko alivyopanga, pikipiki ni yake sasa. Mdogo wao yuko kidato cha tano, PCM. Juzi mama alikuja shuleni na bahasha ya kaki, ndani kuna cheti cha kifo cha mzee na nakala sita, karatasi ya uhakiki wa RITA, na laini ya simu mpya iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto, na gunia nane za alizeti kasema hauzi mpaka mwezi wa kumi.